Jinsi ya Kutambua Umri wa Vinara vya Kale vya Ulaya

Kinara ni kitu kinachojulikana na kila mtu. Kazi yake ni moja tu: kusimamisha mshumaa usianguke. Twakiona altareni, twakiona mezani, na usiku umeme unapokatika twakitafuta gizani kwa kupapasa. Lakini hapo zamani, kabla ya taa za mafuta ya taa na kabla ya umeme, kinara cha madini kilikuwa katika nchi za Ulaya chombo cha kila jioni. Mfalme alikuwa nacho, askofu alikuwa nacho, na mwenye duka alikuwa nacho. Mtu maskini, aliyekosa fedha ya kununua shaba, alichongewa kinara cha mti au akafinyangiwa cha udongo.

Leo vinara vile vya kale vyatafutwa sana. Vimo katika nyumba za makumbusho, vimo katika makanisa, na vingine vyauzwa kwa mnada kwa bei kubwa. Hapo ndipo taabu inapoanza. Kinara kilichosubiwa mwaka 1480, na kingine kilichosubiwa mwaka 1920 kwa kuiga kile cha kwanza, vyaweza kufanana kama watoto pacha. Kimoja ni ushuhuda wa kazi ya watu waliokufa miaka mia tano iliyopita. Kingine ni bidhaa ya kiwanda. Je, mtu atavitenganishaje?

Wengi humwuliza mwuzaji. Hilo ndilo kosa la kwanza. Mwuzaji aweza kudanganya, au aweza kuwa amedanganywa yeye mwenyewe na aliyemwuzia. Yafaa kukiuliza kinara chenyewe. Kinara hakina ulimi, lakini hakiwezi kuficha namna kilivyotengenezwa. Basi twende pole pole, tuone jinsi madini yanavyosema.

Kwa nini vimebaki vichache

Kwanza tujue kwamba vinara tulivyo navyo ni masalio tu. Madini yana bahati mbaya moja: yaweza kuyeyushwa tena. Nguo ikichakaa hutupwa, mti ukioza hutupwa, lakini shaba na fedha hurudi motoni zikageuka kitu kingine. Kinara cha bibi chaweza kuwa sufuria ya mjukuu.

Zaidi ya yote vita ndivyo vilivyokula vinara. Mwaka 1689 Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alikosa fedha ya kulipia vita vyake. Akaamuru vyombo vya fedha vya jumba lake la Versailles viyeyushwe: meza, vinara vikubwa, na vitu vingi ambavyo wageni walikuwa wakivistaajabia. Kazi ya miaka mingi ikawa sarafu kwa muda mfupi. Miaka mia moja baadaye, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, mali ya makanisa ilitwaliwa. Fedha ikageuzwa sarafu, na shaba ya kengele ikageuzwa mizinga na sarafu ndogo.

Kwa hiyo vinara vya fedha vya zamani sana ni adimu kabisa. Vile vya shaba viliokoka zaidi, maana thamani yake ilikuwa ndogo. Mara nyingi kitu cha bei ndogo huishi kuliko kitu cha bei kubwa, kwa kuwa hakuna anayekiwinda.

Shaba ya mto Meuse

Tuanze na shaba ya manjano, maana ndiyo mama wa vinara vingi. Shaba hiyo haichimbwi ardhini. Hutengenezwa kwa kuchanganya shaba nyekundu na zinki. Ajabu ni kwamba mafundi wa Ulaya waliifanya kazi hiyo kwa karne nyingi bila kuijua zinki yenyewe. Walichokuwa nacho ni jiwe liitwalo kalamini. Walilisaga, wakalichanganya na unga wa makaa na vipande vya shaba nyekundu, wakatia yote ndani ya chungu na kufunika, kisha wakachochea moto. Zinki ikatoka katika jiwe kama mvuke, ikaingia ndani ya shaba, na shaba nyekundu ikageuka ya manjano kama dhahabu. Mtawa mmoja aliyejiita Theophilus aliieleza kazi hiyo katika kitabu chake cha ufundi, mwanzoni mwa karne ya 12.

Jiwe la kalamini lilipatikana kwa wingi karibu na mji wa Aachen, na mahali paitwapo Kelmis, mashariki mwa Ubelgiji ya leo. Shaba nyekundu ilitoka Ujerumani. Mto Meuse ulikuwa barabara ya kuchukulia mizigo. Ndiyo sababu miji ya mto huo, yaani Huy, Dinant na Bouvignes, ikawa miji ya wafua shaba. Katika kanisa la Mtakatifu Bartolomayo mjini Liège pangali na birika la ubatizo la shaba lililosubiwa kati ya mwaka 1107 na 1118. Atazamaye sanamu zake hukiri kwamba mafundi wa nchi hiyo walikuwa wamekwisha kuwa mabingwa.

Mji wa Dinant uliwapita wengine wote, hata jina lake likawa jina la kazi. Mpaka leo Wafaransa huita vyombo vya shaba vya namna hiyo dinanderie. Mwaka 1372 fundi Jehan Josès wa Dinant alitengeneza kinara kikubwa cha Pasaka kwa kanisa la Bikira Maria katika mji wa Tongeren, akaandika jina lake juu yake. Kwa mkusanyaji wa leo, jina na mwaka vilivyoandikwa na fundi mwenyewe ni kama taa katika giza. Ukikiona kinara kingine kisicho na jina, chenye mafundo na miguu kama ya kile, waweza kusema: Huyu ni ndugu yake.

Lakini Dinant ulipatwa na msiba. Mwezi wa Agosti mwaka 1466 Philippe Mwema, Duke wa Burgundia, pamoja na mwanawe Charles, waliuzingira mji, wakauteka na kuuteketeza. Wenyeji wengi waliuawa. Waliosalia walitawanyika na ufundi wao mikononi: wengine Huy, wengine Namur, wengine Middelburg ya Flandria, wengine mbali zaidi. Hivyo mwaka 1466 ni mwaka wa kukumbukwa na kila mwenye kupima umri wa vinara. Kabla yake twaweza kutaja mji mmoja kwa ujasiri kidogo. Baada yake namna ileile ya kazi yaonekana mahali pengi, na ni vigumu kusema: Kinara hiki kilizaliwa hapa, si pale.

Kazi haikufa kwa sababu mji ulikufa. Mwaka 1483 fundi Renier van Thienen alimaliza kinara cha Pasaka cha kanisa la Mtakatifu Leonardi, katika mji mdogo wa Zoutleeuw. Urefu wake wakaribia mita 6, na juu yake pana msalaba. Kanisa hilo liliponea chupuchupu mwaka 1566, Wakalvini walipovunja sanamu katika makanisa mengi ya nchi ile, likapona tena wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Hata leo kinara kingali kimesimama palepale.

Shaba ya nchi ile haikubaki Ulaya peke yake. Wareno waliinunua katika umbo la bangili nene, wakazipeleka pwani ya magharibi ya Afrika kufanyia biashara, hata biashara ya kununua watu. Mwaka 1548 kampuni ya Fugger ya Augsburg ilifanya mapatano na mfalme wa Ureno ya kumpatia bangili hizo kwa wingi. Wataalamu waliopima madini ya bangili zilizotolewa katika merikebu zilizozama walitangaza mwaka 2023 kwamba shaba ya sanamu mashuhuri za Benin yafanana nazo, na kwamba asili yake ni nchi za mto Rhine. Basi madini ya eneo moja yalimfaa fundi wa Ulaya kwa kinara, na fundi Mwafrika kwa sanamu ya mfalme wake.

Kazi ya mikono ndiyo kalenda

Sasa tushike kinara mkononi. Usitazame kwanza uzuri wake. Kigeuze, utazame chini. Wenye ujuzi hutazama chini ya kitako kabla ya kutazama juu, kwa maana fundi alipamba mahali panapoonekana, na mahali pasipoonekana aliacha alama za kazi yake.

Vinara vya kwanza vya thamani vilisubiwa kwa nta. Fundi aliumba kinara cha nta, akakipaka udongo, akatia motoni. Nta ikayeyuka na kutoka, na mahali pake pakamiminwa madini. Kalibu ya namna hiyo huvunjwa, kwa hiyo hakuna vinara viwili vilivyo sawa kabisa. Kinara cha Gloucester, kilichotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1104 na 1113, na ambacho sasa kimo katika makumbusho ya Victoria and Albert mjini London, kilifanywa hivyo. Kimejaa watu, wanyama na majani yaliyosokotana kama mizizi ya mtini. Tazama mambo ya nta: ilizaa kinara kwa kufa motoni, kisha ikarudi juu ya kinara kwa sura ya mshumaa, ikafa motoni mara ya pili.

Vinara vya nyumbani havikupata heshima hiyo. Vilisubiwa katika kalibu, kitako peke yake na shina peke yake, kisha vikakerezwa ili viwe laini. Kukereza huacha mistari ya duara, mmoja ndani ya mwingine, kama mawimbi ya jiwe lililotupwa ziwani. Katika kinara cha kale mistari hiyo haina usawa kamili, maana mashine iliendeshwa kwa mguu au kwa maji, na chuma cha kukerezea kilishikwa kwa mkono.

Shina liliungwaje na kitako? Hapa pana jibu la maana. Mara nyingi ncha ya shina ilipitishwa katika tundu la kitako, ikapondwa kwa nyundo mpaka ikatanuka na kushika. Mara nyingine, hasa katika nchi za bara la Ulaya, walitumia skurubu. Lakini skurubu ya kale ilichongwa kwa mkono: meno yake ni mapana, hayalingani, na mara nyingi kinara kimoja hakikubali shina la kinara kingine. Skurubu zenye vipimo vya sheria zilianza baada ya mwaka 1841, Mwingereza Joseph Whitworth alipotoa vipimo vyake. Ukikuta meno membamba, sawasawa kabisa, katika kinara kinachoitwa cha karne ya 16, basi usitoe fedha yako bado.

Tena tazama shina lenyewe. Vinara vya zamani vya bara la Ulaya vilikuwa na shina lililojaa madini ndani, navyo ni vizito. Lakini mafundi wa Uingereza, tangu karibu mwaka 1670, walianza kusubu shina katika nusu mbili zilizo tupu ndani, kama maganda mawili ya karanga, kisha wakaziunga kwa lehemu. Hivyo waliokoa shaba nyingi. Mshono wapita upande huu na upande ule, kutoka juu hata chini. Haupendi kuonekana, lakini ukipumulia shina pumzi ya moto, mara nyingine utauona kama uzi mwembamba, maana lehemu si ya rangi moja na shaba. Karibu na mwaka 1780 njia hiyo iliachwa, wakaanza kusubu shina tupu kwa mara moja. Kwa hiyo mshono huo mdogo ni kama cheti cha kuzaliwa: wasema kinara ni cha miaka mia moja na kidogo ile, kati ya mwisho wa karne ya 17 na mwisho wa karne ya 18.

Umbo nalo husema, lakini kwa tahadhari

Vinara vya kwanza havikuwa na kikombe cha kushikia mshumaa. Vilikuwa na mwiba mrefu, na mshumaa ulichomekwa juu yake. Katika karne ya 14 na ya 15 kikombe kilizidi kuenea katika nyumba za watu. Vikombe vya karne ya 15 mara nyingi vina madirisha madogo ubavuni, ili mtu aweze kuchokoa kipande cha mshumaa kilichobaki. Hakuna aliyetupa nta wakati ule.

Lakini angalia, msomaji: mwiba peke yake si ushahidi wa uzee. Kanisani mwiba uliendelea kutumika, maana mishumaa ya altare ni minene. Kinara kirefu cha altare, chenye kitako cha pembe tatu na mwiba juu, chaweza kuwa cha mwaka 1650, na chaweza kuwa cha mwaka 1890. Wengi wamedanganyika hapo.

Katika karne ya 16 na ya 17 vinara vya nyumbani vilikuwa na kitako kama kengele au tarumbeta, na kisahani kipana katikati ya shina cha kupokea matone. Mwishoni mwa karne ya 17 kisahani kile kilipungua hata kikatoweka, na shina likapata umbo la nguzo yenye matumbo na viuno. Katikati ya karne ya 18 vitako vilikatwa ukingoni mfano wa maua. Kisha miji ya Herculaneum na Pompeii, iliyofunikwa na majivu ya volkano tangu mwaka 79, ilianza kuchimbuliwa, wa kwanza mwaka 1738 na wa pili mwaka 1748. Watu wa Ulaya wakashikwa na mapenzi ya mambo ya Warumi na Wagiriki. Tangu miaka ya 1760 vinara navyo vikageuka nguzo za hekalu, zenye mifereji na vichwa vya majani. Umbo hufuata mawazo ya watu. Hakuna aliyetengeneza nguzo kama hizo kwa wingi kabla watu hawajazipenda.

Je, twajuaje miaka hiyo ya maumbo? Kwa mashahidi watatu. Wa kwanza ni maandishi yaliyo juu ya vinara vyenyewe, kama kile cha Tongeren. Wa pili ni picha zilizochorwa na wachoraji wa wakati ule. Katika picha ya Arnolfini na mkewe, iliyochorwa na Jan van Eyck mwaka 1434, pana taa ya shaba ya kuning'inia yenye mikono mingi, na mshumaa mmoja tu unawaka. Mchoraji aliiona kwa macho yake, kwa hiyo twajua kwamba umbo hilo lilikuwapo mwaka ule.

Shahidi wa tatu ni ajali. Mwaka 1596 merikebu ya Waholanzi, iliyoongozwa na Willem Barents pamoja na Jacob van Heemskerck, ilinaswa na barafu katika kisiwa cha Novaya Zemlya, kaskazini kabisa mwa dunia. Watu 17 walijenga nyumba ya magogo yaliyoletwa na bahari, wakakaa humo wakati wote wa baridi. Walipoondoka mwaka 1597 kwa mashua ndogo, wakaacha vitu vyao nyuma. Barents alifia njiani, na watu 12 tu walifika kwao. Nyumba ile ilibaki chini ya theluji mpaka mwaka 1871, nahodha Elling Carlsen wa Norwe alipoikuta. Ndani yake palikuwa na mali nyingi, pamoja na vinara. Leo vitu hivyo vimo katika makumbusho ya Rijksmuseum mjini Amsterdam. Hakuna awezaye kubishana kuhusu umri wake: mlango ulifungwa mwaka 1597, haukufunguliwa kwa miaka 274. Mateso ya mabaharia wale yametuachia kipimo, na kila kinara kinachofanana na vile chapimwa kwa hicho.

Fedha na chapa zake

Vinara vya fedha vina njia rahisi zaidi, hasa vile vya Uingereza. Huko serikali iliogopa udanganyifu tangu zamani. Sheria ya mwaka 1300 iliamuru fedha ipigwe chapa ya kichwa cha chui, kushuhudia kwamba ni safi. Mwaka 1478 ikaongezwa herufi inayobadilika kila mwaka, na mwaka 1544 simba anayetembea. Tangu mwaka 1784 hata 1890 kilipigwa pia kichwa cha mfalme au malkia, kuonyesha kwamba kodi imelipwa. Mwenye orodha ya herufi husoma mwaka wa kinara kama asomavyo saa.

Hata hivyo watu hawakuacha kutafuta njia ya mkato. Karibu na mwaka 1743 Thomas Boulsover wa Sheffield aligundua kwamba bamba la fedha na bamba la shaba nyekundu vyaweza kushikamanishwa kwa moto na kunyoshwa pamoja. Vinara vya namna hiyo vilionekana kama fedha tupu, kwa bei nafuu. Mwaka 1840 kampuni ya Elkington ya Birmingham ilipata hati ya kupaka fedha kwa nguvu ya umeme. Pale vinapoliwa na miaka ya kupanguswa, wekundu wa shaba hutokea kwenye pembe. Usiufiche wekundu huo kwa kupaka fedha upya. Ukiufunika, umefuta habari za maisha ya kinara.

Waigaji

Katika karne ya 19 viwanda vilikua, hasa Birmingham. Wakati huohuo mshumaa wenyewe ulibadilika. Mfaransa Chevreul alichunguza mafuta ya wanyama, na mwaka 1825 akapata hati ya kutengeneza mishumaa migumu isiyonuka. Mawese ya Afrika ya Magharibi yalikwenda Ulaya kwa mapipa kuwa mishumaa na sabuni. Kisha taa za mafuta, gesi na umeme zikaja, na kinara kikaanza kugeuka pambo. Ndipo watu walipotamani vinara vya kale, na viwanda vikavitengeneza kwa maelfu kwa kufuata maumbo ya zamani. Wengi wa watengenezaji hao hawakuwa wadanganyifu. Waliuza vitu vipya vyenye umbo la kale, na kila mtu alijua. Lakini miaka mia imepita, mnunuzi wa kwanza amekufa, na mjukuu wake huamini kwamba ameachiwa kitu cha karne ya 17.

Utamjuaje mwigaji? Tazama dalili hizi:

Kwanza, maandishi. Jina la nchi, kama vile England, lilianza kupigwa kwa wingi tangu mwaka 1891, kwa sababu ya sheria ya ushuru ya Marekani iliyotaka kila bidhaa ya kigeni ionyeshe ilikotoka. Almasi ndogo yenye herufi na namba ni alama ya Uingereza ya mwaka 1842 hata 1883. Kinara chenye alama hizo hakiwezi kuzidi miaka hiyo kwa uzee.

Pili, kuchakaa. Kinara kilichotumika miaka mia tatu kimechakaa mahali panapostahili: ukingo wa kitako kilichosukumwa mezani, mahali vidole viliposhika, mdomo wa kikombe kilichochokolewa kwa kisu. Mdanganyifu hukwaruza pande zote sawasawa, hata mahali ambapo mkono haufiki. Mtu hachakai hivyo, na kinara hakichakai hivyo.

Tatu, rangi. Uzee wa kweli huingia mpaka chini ya kitako, nao ni wa rangi nyingi. Uzee wa tindikali ni wa rangi moja, na mara nyingi hutoka ukisuguliwa.

Nne, madini yenyewe. Kwa njia ya kalamini, shaba haikuweza kupokea zinki zaidi ya thuluthi moja hivi, na mara nyingi ilipokea kidogo kuliko hapo. William Champion wa Bristol alipata hati ya kutengeneza zinki tupu mwaka 1738, na mwaka 1781 James Emerson akapata hati ya kuichanganya na shaba moja kwa moja. Siku hizi wataalamu hupima kinara kwa mionzi bila kukikwaruza. Wakikuta zinki nyingi kupita kiasi, au shaba safi mno isiyo na taka za risasi, bati na aseniki, wajua kwamba kinara ni kijana. Na tangu mwaka 1911 tanuru za Lubumbashi zilipoanza kuyeyusha, shaba ya Katanga yenyewe ilikwenda Ulaya. Basi kinara kilichosubiwa Ubelgiji baada ya hapo chaweza kuwa na jasho la Katanga ndani yake, hata mwenyewe akikiita cha wakati wa Duke wa Burgundia.

Mkusanyaji mwema

Yabaki maneno machache juu ya mwenendo wa mkusanyaji, maana kujua umri bila kujua haki ni ujuzi nusu.

Asisugue mno. Kila anayekisugua kinara kwa dawa kali huondoa mistari ya kukerezwa, chapa ndogo na rangi ya miaka. Kitambaa laini chatosha. Kinara kinachong'aa kama kioo kimepoteza nusu ya ushuhuda wake, na hakuna fundi wa kuurudisha.

Asitengeneze pasipo lazima. Kitako kilichopinda na kikombe chenye ufa ni sehemu ya habari. Tena asiunganishe shina la kinara kimoja na kitako cha kingine ili apate kizima, kwa maana atakayekuja baada yake atadanganyika.

Tena aandike. Kila kinara kipewe karatasi: kilinunuliwa wapi, mwaka gani, kilitoka nyumba gani. Kinara kisicho na habari ni kama mtoto asiyejua ukoo wake.

La mwisho ndilo zito kuliko yote. Aulize kilikotoka. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika mwaka 1962 hata 1965, makanisa mengi ya Ulaya yalibadili altare zake, na vinara vya zamani viliwekwa ghalani, vingine vikauzwa kwa bei ya chuma chakavu. Hata leo wezi huingia makanisani usiku, kwa kuwa wajua kinara hakilii. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1292, yaagiza kwamba vitu vyenye thamani ya sanaa au ya historia visiuzwe bila idhini ya Roma. Mapatano ya UNESCO ya mwaka 1970 nayo yapinga biashara ya vitu vilivyoibwa. Basi kinara kirefu cha altare kikiuzwa kimoja peke yake, na mwuzaji hawezi kusema kilitoka kanisa gani, jiulize wenzake wako wapi. Vinara vya altare huzaliwa wawili wawili au sita sita. Mmoja aliyepotea njia huenda alichukuliwa na mkono wa mwizi.

Waliotengeneza vinara hivi wengi hawakuandika majina yao. Waliacha mistari ya duara chini ya kitako, mshono mwembamba kama uzi, na ncha iliyopondwa kwa nyundo. Hizo ndizo sahihi zao. Mwenye kuzisoma kwa uvumilivu atajua umri wa kinara, na pamoja na umri atapata kumjua mtu aliyekaa mbele ya tanuru, akaifanya kazi yake vema mahali ambapo hakuna jicho lingeitazama.